Maswali na Majibu: Vipande vya mitishamba vinapogeuka kahawia chupani

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinalia kilio kimoja: kipande cha mmea kinaingia chupani kikiwa kibichi, baada ya siku chache ni cheusi. Tumechagua saba ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Kwa mgeni wa safu hii, tishu kalcha ni kukuza kipande kidogo cha mmea ndani ya chupa iliyotakaswa, juu ya lishe iliyogandishwa kwa agari. Lishe hiyo maabara huiita midia.

SWALI: Ndugu wahariri, salaam. Natunza maabara ndogo ya chuo huku Meru. Tunajaribu kuzalisha mwiria (Prunus africana) kwa macho ya matawi. Vipande tulivikata kwenye mti mkubwa ulio karibu na chuo, tukaviosha kwa jiki, tukaviweka kwenye midia ya MS kamili yenye BAP (homoni ya kuchipusha) miligramu 1 kwa lita, vinne kwa kila chupa. Kesho yake midia ilishakuwa kama chai ya rangi kuzunguka kila kipande. Wiki mbili baadaye, kati ya vipande 40 vilibaki sita. Tuongeze dawa gani?

JIBU: Ndugu yetu, usianze na dawa. Anza na mti, uje kwenye kisu, kisha chupa. Dawa ni ya nne.

Anayemenya ndizi mbichi za kupika anaijua shida hii vidoleni mwake. Utomvu ukikaa kidogo tu unakuwa mweusi, na ndizi iliyomenywa ikiachwa wazi inashika madoa. Ndiyo maana huitumbukiza kwenye maji, na wengine huyakamulia ndimu. Ndani ya seli ya mmea, fenoli (kemikali ambazo mmea hujikingia) hukaa kwenye chumba chake, kivakuoli, na kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi hukaa kwingine, kwenye plastidi. Vikiwa vimetengana hakuna neno. Kisu kikipita, seli zinapasuka, viwili hivyo vinakutana, oksijeni ya hewa inaingia, na fenoli zinageuka kwinoni. Kwinoni hujishika na protini na kuzima vimeng'enya ambavyo seli inavihitaji ili iishi, halafu huungana zenyewe kwa zenyewe na kuwa ile rangi ya kahawia. Kwa hiyo ukiiona rangi, madhara yamekwishaanza zamani.

Hilo ni wimbi la kwanza, la dakika hadi saa chache. Lipo la pili. Jeraha huuamsha mmea utengeneze fenoli mpya kwa kimeng'enya kingine, kiitwacho PAL kwa kifupi, na mwanga huichochea kazi hiyo. Wimbi hili huja baada ya saa kadhaa na huendelea kwa siku. Anayeloweka vipande kwenye vitamini C kwa nusu saa, kisha akaviweka moja kwa moja chini ya taa, amelizuia la kwanza na kulifungulia mlango la pili.

Sasa mti. Tawi la mti mkubwa uliokaa juani miaka na miaka limejaa fenoli, na juu yake limebeba vumbi na kuvu, hivyo linahitaji jiki kali ambayo nayo inaunguza. Wekeni miti mama: miche ya mwaka mmoja au miwili, kwenye mifuko, chini ya kivuli. Ipogoeni, msubiri wiki 4 hadi 6, mchukue machipukizi mapya yakiwa bado laini kiasi cha kukatika kwa kucha. Mbegu za mwiria hazivumilii kukaushwa na kuwekwa muda mrefu. Chukueni matunda yaliyoiva, muondoe nyama, muoteshe zikiwa mbichi. Kama ni lazima mti mkubwa wenyewe utumike, kwa sababu una sifa mnazozitaka, funikeni tawi lililopogolewa kwa kitambaa cheusi wiki mbili hadi tatu ili machipukizi yatoke yakiwa meupemeupe. Tumieni kitambaa, msitumie nailoni, maana ndani ya nailoni chipukizi linapikwa na jua.

Kuosha kufanyike hivi. Kata chipukizi la sentimita 3 hadi 5, ondoa majani ubakishe vikonyo vifupi. Ukiyafinya hayo majani utasikia harufu ya lozi. Ndiyo alama ya mwiria. Weka vipande chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 30, pamoja na matone ya sabuni ya vyombo mwanzoni. Maji haya hayaondoi vumbi peke yake, yanachukua pia fenoli zinazovuja. Ndani ya kabati la hewa safi, spiriti ya asilimia 70 kwa sekunde 30, kisha jiki. Jiki ya dukani ikiwa ni ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa maji sehemu mbili inakupa karibu asilimia 1.2, dakika 10 zinatosha chipukizi laini. Suuza mara nne kwa maji yaliyotakaswa, na usiibe hata mara moja, kwa sababu klorini inayobaki inaila vitamini C unayokwenda kuitumia.

Kisha loweka kwenye maji baridi yenye asidi ya askobiki (ndiyo vitamini C) miligramu 100 kwa lita na asidi ya sitriki miligramu 150 kwa lita. Kwa nusu lita ni miligramu 50 na 75. Saa nzima, gizani, ukitikisa taratibu. Vipande vikiwa bado ndani ya maji hayo, kata tena ncha zote mbili, milimita 2 au 3, maana ndizo zilizoungua na jiki. Kukata ndani ya maji kunaunyima mkato hewa katika ile dakika ambayo ni mbaya kuliko zote. Wembe uwe mpya, ubadilishwe kila baada ya vipande kumi hivi. Wembe butu hausemi "kata", unasema "ponda", na kila seli iliyopondwa inamwaga fenoli. Koleo na kisu vikitoka motoni vipoe kwanza. Kisu cha moto kinaacha mstari wa kahawia ambao wengi hudhani ni ugonjwa wa midia.

Chupani, kipande kimoja kwa kila chupa. Hapa ndipo vipande vyenu vingi vilipopotea: kimoja kinachovuja sana kinawaponza watatu waliolala karibu naye. Acheni pia MS kamili kwa hatua hii. Hiyo ni midia ya mwaka 1962, iliyotungwa na Murashige na Skoog kwa ajili ya tumbaku, na chumvi zake ni nzito kwa mti. Ina amonia naitreti miligramu 1,650 kwa lita, wakati midia ya miti, WPM, ina 400 tu. Mkikosa WPM, tumieni nusu ya chumvi za MS. BAP nayo ishuke hadi 0.5, au wiki ya kwanza iondolewe kabisa, kwa sababu kipande kilichojeruhiwa kinahitaji kupona kabla ya kuamrishwa kuchipua.

Siku saba za kwanza chupa zikae gizani, joto la nyuzi 20 hadi 22. Kabati lolote lisilopitisha mwanga linafaa. Baada ya hapo taa za saa 16 kwa nyuzi 24 au 25.

Hatua inayookoa vipande vingi kuliko unga wowote wa dukani ni kuhamisha. Siku ya pili angalia chini ya kila kipande. Midia ikianza kushika rangi, hamishia chupa mpya. Angalia tena siku ya tano, kisha kila wiki hadi mkato uache kuvuja. Kama mnaogopa kufungua chupa mara nyingi, tumieni vyombo vipana na mkisogeze kipande sentimita mbili hadi mahali safi. Mwiria wa kawaida huacha kuvuja baada ya kuhamishwa mara tatu au nne.

Mkitaka kujua kipi kilichosaidia, msibadilishe yote kwa siku moja. Tengeni vipande 20 kwa kila jaribio, na vingine 20 vya njia ya zamani kando yake. Na mjue mnafanya kazi inayohitajika: gome la mwiria, linalotumika katika dawa za tezi dume iliyovimba, limeimaliza miti mingi Afrika, hadi mmea huo ukawekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, Kiambatisho cha II, mwaka 1995.

SWALI: Nitatofautishaje kahawia ya jeraha na bakteria? Mkuu wetu wa maabara huamuru kila chupa yenye rangi itupwe. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mwombe akuachie siku tatu. Fenoli huanzia kwenye mkato na kutambaa kama chai ndani ya agari, lakini agari inabaki angavu; ukiinua chupa kwenye taa unaona ng'ambo. Bakteria huacha ukungu wa maziwa au utelezi kuzunguka kipande, aghalabu na harufu. Kuvu lina nyuzi, huhitaji kuuliza. Kipande kilichopauka chote kwa usawa, kikawa kama karatasi iliyoloa, kimeunguzwa na jiki, na dawa yake ni kupunguza dakika.

Kisha kwangua sehemu ya chini kwa ncha ya wembe. Ukikuta kijani au rangi ya krimu chini ya ngozi nyeusi, kipande ni kizima. Kata sehemu nyeusi, hamisha. Chini mweusi na jicho la kijani ni hali ya kawaida kabisa kwa miti ya dawa.

SWALI: Nilisoma kwamba vitamini C inazuia weusi. Nikaweka miligramu 100 kwa lita kwenye midia, nikaipika kwenye otoklevu (presha ya kutakasia) kama kawaida. Midia ilitoka na umanjano, na vipande vikawa vyeusi vilevile. Je, nimeuziwa bandia? Je, naweza kutumia vidonge vya duka la dawa? (Mwanafunzi, Moshi)

JIBU: Hukuuziwa bandia, dada. Uliipika. Asidi ya askobiki huvunjika kwa joto la nyuzi 121, na mabaki yake pamoja na sukari ndiyo yaliyokupa umanjano.

Tengeneza hivi: gramu 1 ya unga safi kwenye maji mililita 100. Kila mililita sasa ina miligramu 10. Ipitishe kwa bomba la sindano kwenye chujio la mikromita 0.22 hadi ndani ya chupa iliyotakaswa. Midia ikitoka kwenye otoklevu, isubiri ipoe hadi nyuzi 50 hivi, chupa ikishikika mkononi bila kuitupa, ndipo uongeze mililita 10 kwa kila lita, uzungushe, umimine upesi. Ukichelewa hadi karibu nyuzi 40, agari inaganda mikononi mwako.

Mchanganyiko wa vitamini C utengenezwe siku ileile. Vitamini C hufanya kazi kwa kujitoa: inazirudisha kwinoni ziwe fenoli, na yenyewe inaisha. Maji yaliyokaa jokofuni wiki nzima yamekwishajimaliza na hewa kabla hayajakutana na kipande. Zungushia chupa karatasi ya alumini, maana mwanga nao unaimaliza. Kwa sababu hiyohiyo, usitegemee vitamini C iliyo kwenye midia ikufikishe mwezi. Ni ya siku za mwanzo tu.

Asidi ya sitriki ni jamaa mwingine. Inavumilia moto, unaweza kuipika. Kazi yake ni mbili: inashusha pH, na inaishika shaba iliyo ndani ya polifenoli oksidesi, na bila shaba kimeng'enya hicho hakifanyi kitu. Lakini ipimie pH baada ya kuitia, uirudishe hadi 5.7 kabla ya kuweka agari. Midia iliyopikwa ikiwa chini ya 5 hutoka kama uji, na kipande kilichozama kwenye uji kinakosa hewa.

Vidonge viache. Vile vya kutafuna vina sukari, rangi, ladha ya chungwa na unga wa kushikilia. Vyote hivyo vitaingia kwenye midia yako, na chujio litaziba kabla hujamaliza mililita 20.

SWALI: Mimi nakuza mwarobaini hapa Kilifi. Nilishauriwa mkaa amilifu, nikaweka gramu 3 kwa lita. Weusi umekwisha kabisa, nashukuru. Ila wiki ya sita hii, hakuna hata chipukizi moja.

JIBU: Mkaa umefanya kazi yake yote, na nyingine ambayo hukuiomba. Gramu moja ya mkaa amilifu ina vishimo ambavyo eneo lake la ndani ni mamia ya mita za mraba, hata kupita 1,000. Vishimo hivyo havichagui. Vimekamata fenoli, na vimekamata BAP yako, na oksini (homoni za mizizi), na sehemu ya vitamini. Miligramu moja ya homoni mbele ya gramu tatu za mkaa haina nafasi. Wapo wanaojibu kwa kuongeza BAP mara tano au mara kumi. Hatuungi mkono, kwa sababu hutajua kamwe ni kiasi gani kimebaki huru, na pakiti mpya ya mkaa itakupa jibu jingine.

Utumie mkaa kama chumba cha kungojea. Midia isiyo na homoni, mkaa gramu 1 hadi 2, siku 5 hadi 7, gizani. Mkato ukitulia, hamishia midia yenye homoni bila mkaa, ukiweka PVP gramu 1 kwa lita badala yake. PVP huzishika fenoli lakini homoni huziachia kiasi kikubwa. Nunua ile inayoyeyuka, yenye uzito wa molekuli 40,000 hivi, inayoandikwa K-30. Kuna nyingine yenye P mbili mwishoni, PVPP. Hiyo haiyeyuki, hutulia chini kama chokaa na wateja huilalamikia bure. Mkaa utaurudia mwishoni, hatua ya mizizi, ambapo giza lake linasaidia na BAP haihitajiki tena.

Wakati wa kuutia, rekebisha pH baada ya mkaa kuingia, ongeza agari kidogo (kama ulizoea gramu 7, weka 8), na uzungushe kila chupa midia inapoanza kuganda. Usipozungusha, mkaa wote unalala chini na kipande chako kinakaa juu ya agari tupu, mbali na kile ulichomnunulia. Mkaa wa jikoni uliosagwa haufai. Hauna vishimo vya kutosha, na majivu yake hupandisha pH.

SWALI: Mshubiri wa pori (Aloe secundiflora) wa huku Baringo unatoa utomvu wa manjano usiokoma, midia inakuwa kahawia kwa saa moja tu. Tatizo ni lilelile la miti?

JIBU: Ni ndugu yake. Utomvu wa manjano wa mshubiri una aloini, nayo ikikutana na hewa hugeuka kahawia. Hapa mvujo ni mwingi sana kuliko wa mti, kwa hiyo vitamini C peke yake ni sawa na kukausha mafuriko kwa kitambaa.

Chukua vitoto vidogo vinavyoota pembeni ya mama, vya sentimita 5 au 6. Ondoa majani ya nje moja baada ya jingine hadi ubaki na moyo wa sentimita 1 hadi 1.5 pamoja na kisahani chake cha chini. Usiupasue moyo huo vipande vinne kama ufanyavyo kwa mgomba. Kila mpasuo ni bomba jipya. Uache mzima hadi uhamisho wa tatu. Baada ya kumenya, usimamishe mkato ukiangalia chini kwenye maji yanayotiririka kwa saa nzima, ndipo uende kwenye spiriti na jiki. Baada ya mkato wa mwisho kabatini, ulaze juu ya karatasi iliyotakaswa dakika kumi utomvu unywewe, kisha MS yenye PVP gramu 2 na BAP miligramu 1 kwa lita. Wiki mbili za kwanza hamisha kila siku ya tatu.

Na kumbuka kibali. Isipokuwa Aloe vera, mishubiri karibu yote ya pori iko chini ya CITES, hata kama unachukua vitoto vitano tu.

SWALI: Tunakuza kalusi ya pakanga (Artemisia annua) tukitafuta atemisinini, dawa ya malaria. Kalusi inaanza nyeupe na laini, wiki ya tano inageuka kahawia na kukauka. Tufanye nini ibaki nyeupe? (Kikundi cha wahitimu, Arusha)

JIBU: Tutajibu mlichouliza, kisha ambacho hamkuuliza.

Kalusi haingojwi wiki tano. Ni bonge la seli lisilo na mpangilio. Za katikati zinakosa hewa na sukari, zinakufa, zinamwaga fenoli, za jirani zinafuata. Hamisheni kila siku 18 hadi 21, vibonge vya milimita 5, mkichagua sehemu nyeupe zinazomeguka na kuacha zote zilizokwisha kuguswa na rangi. Usiseme "hii ina kahawia kidogo tu". Kidogo hicho ndicho mbegu. Zikae gizani, nyuzi 22 hadi 24, na 2,4-D (homoni inayoanzisha kalusi) ishuke baada ya kalusi kuanza. Kiasi cha kuianzisha si kiasi cha kuitunza. Mkipeleka kwenye chupa za majimaji zinazotikiswa, weusi wa siku za mwanzo mara nyingi hutokana na seli kuwa chache mno kwa maji yaliyopo. Anzeni na seli nyingi, na mbakishe sehemu ya maji ya zamani, moja kwa tano hivi, ili zisianze ugenini.

Ambacho hamkuuliza: atemisinini hutengenezwa na kuwekwa kwenye vinyweleo vya tezi vilivyo juu ya majani na maua. Kalusi haina jani, haina vinyweleo hivyo, na atemisinini yake ni ndogo mno, mara nyingi haipimiki. Mkifaulu kuiweka nyeupe mwaka mzima bado hamtapata dawa. Zalisheni machipukizi yenye majani, muyaoteshe mizizi, muyapeleke shambani. Macho ya pakanga changa yanachipua kwa urahisi na weusi wake ni mdogo kwa kulinganisha na wa miti.

SWALI: Tuko Butembo, Kongo. Mwiria huku umekatwa sana kwa ajili ya gome, tunataka kurudisha miche. PVP hatuipati, vichujio ni ghali. Tunayo sufuria ya presha, jiki, na ndimu. Je, ndimu inafaa?

JIBU: Ndugu zetu, inafaa nusu. Maji ya ndimu yana asidi ya sitriki karibu gramu 45 hadi 50 kwa lita, kwa hiyo mililita 3 za ndimu kwenye lita moja ya maji zinawapa ile miligramu 150 tuliyoitaja mwanzoni. Lakini mililita hizo tatu zina vitamini C miligramu moja hivi tu, na tunahitaji 100. Kwa hiyo ndimu itumieni kwa upande wa sitriki. Ichujeni kwa kitambaa safi mara mbili, muichanganye na maji, muipike kwenye presha, sitriki haiharibiki. Iwe ya kulowekea na ya kukatia ndani yake tu. Msiitie kwenye midia, kwa maana ndimu mbili hazilingani ukali, na pH itawachezea.

Vitamini C ya unga si ghali, na gramu 50 zitawatosha muda mrefu zikikaa mahali pakavu penye giza. Kama hakuna chujio, chemsheni maji peke yake kwenye presha, yapoe kabisa, ndipo muutie unga kwa kijiko kilichopitishwa kwenye moto na kupoa, ndani ya kabati. Hatari ya uchafu ipo lakini ni ndogo kwa maji ya kulowekea ya saa moja.

Presha yenyewe iangalieni. Sufuria inayosoma ratili 15 pwani inafika nyuzi 121. Kwenye nyanda za juu, mita 1,700 na kuendelea, kipimo hichohicho kinaishia karibu nyuzi 118. Ongezeni dakika tano juu ya zile 20.

Mliyobakiwa nayo hayauzwi: miche mama kivulini, wembe mpya, maji baridi, giza la wiki moja, na kuhamisha siku ya pili na ya tano. Bila PVP, kuhamisha huko kuongezeke. Andaeni midia mara nne ya idadi ya vipande kabla hamjakata hata tawi moja, maana midia ikiisha siku ya tano, vipande vitakaa kwenye chai yao wenyewe hadi mpike nyingine. Na chupa za vipande vipya zisiwekwe chumba kimoja na jiko la presha. Chumba kikipanda hadi nyuzi 30 wakati wa kupika, kimeng'enya kinafanya kazi haraka zaidi, na asubuhi mtakuta rangi ambayo jana jioni haikuwepo.